Bembea, Gurudumu na Mserereko: Juu ya Majina ya Vyombo vya Kuchezea

Waalimu wa Handeni na Korogwe hupata kuulizwa na wanafunzi wao juu ya picha moja iliyomo katika vitabu vya kusomea vitokavyo ng'ambo, nao wengi huijibu kwa haraka kuliko ipasavyo. Ni picha ya njia ya reli iliyoinuliwa juu ya nguzo nyingi, ikipanda na kushuka kama mawimbi, na juu yake vigari vilivyojaa watu, mikono juu na vinywa wazi. Mtoto mmoja wa Handeni alipoonyeshwa picha hiyo alisema ni daraja lililoharibika, na abiria wanapiga kelele za kuomba msaada. Jibu hilo lina akili ndani yake, maana katika nchi yake njia ya reli ikionekana imepinda namna ile, ni kwamba mvua imechukua tuta. Mwalimu wake akamsahihisha, akisema, "Hiyo ni bembea." Hapo ndipo lilipo shauri letu, kwa kuwa mtoto alikuwa karibu na kweli kuliko mwalimu. Mtoto aliona reli. Mwalimu alimpa kamba.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya kitoto, wala hayastahili karatasi na wino. Lakini vyombo hivi vimekwisha kuingia katika nchi zetu. Katika maonyesho ya Sabasaba huko Dar es Salaam watoto hupanda vya namna nyingi. Kunduchi kuna michezo ya kuserereka majini. Unguja pana uwanja wa Kariakoo. Kila chombo cha namna hii kina maonyo yake: nani apande, nani asipande, ashike wapi, asimame lini. Maonyo hayo yakiandikwa kwa Kiingereza tu, mzazi aliyetoka Kwamkono au Mgera hayamfai. Yakiandikwa kwa Kiswahili kisicho na majina yaliyokubaliwa, hayamfai vile vile. Basi tuyachungue majina, na kabla ya majina tuvichungue vitu vyenyewe, maana jina halikai vizuri juu ya kitu ambacho mwenye kukiita hakukielewa.

Tuanze na bembea, kwa kuwa ndilo neno letu la asili. Kamusi huliandika bembea, na watu wengi wa pwani husema pembea. Ni neno moja. Kitu kiitwacho hivyo kina sifa mbili. Kwanza, kimening'inia kutoka juu. Pili, huenda na kurudi, wala hakiachi mahali pake. Kamba mbili na kipande cha ubao katika mwembe ni bembea. Kiti kilichotundikwa barazani kwa minyororo ni bembea. Wengi husikia undugu kati ya neno hilo na kubembeleza, kama afanyavyo mama amtikisaye mtoto mpaka alale. Wajuzi wa asili ya maneno na wabishane juu ya jambo hilo, lakini sikio la Mswahili huyaweka maneno hayo mawili karibu karibu, na katika yote mawili hamna haraka wala hatari.

Katika Unguja na Mombasa neno hili limepanuka. Siku za Idi huwekwa viwanjani magurudumu yenye viti, na mengine huzungushwa kwa nguvu za mikono ya vijana, na watoto husema wanakwenda kupanda pembea. Upanuzi huo ni halali. Gurudumu huzunguka, lakini kiti alichokalia mtoto kimening'inia kwenye gurudumu, nacho hubembea kila kipandapo na kishukapo. Jamii ya gurudumu hilo ni ya zamani, na mkubwa wao aliyejulikana sana ni lile lililojengwa na George Ferris kwa maonyesho ya Chicago katika mwaka 1893. Kimo chake kilikuwa futi 264, nalo lilikuwa na vyumba 36, kila kimoja cha watu 60. (Wapendao kulinganisha miaka watakumbuka kwamba katika mwaka huo huo wa 1893 Wadachi walianza kujenga reli kutoka Tanga, na mwaka huo huo Richard Hindorf alileta miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida, ikafika mizima 62 tu. Handeni na Korogwe za leo zimetoka zaidi katika reli ile na miche ile kuliko katika gurudumu la Chicago; lakini reli na mkonge vitarudi katika habari hii, kama msomaji atakavyoona.)

Basi gurudumu na liitwe pembea na wapendao. Chombo cha picha yetu hakiwezi. Hakikuning'inia, bali kimekaa juu ya reli kwa magurudumu. Wala hakiendi na kurudi palepale, bali kina safari yenye mwanzo na mwisho.

Wengine, wakiona hivyo, hushika jina la Kiingereza na kulivika nguo za Kiswahili, wakaandika rola kosta. Sina ugomvi na maneno ya kukopa. Shule, meza, kitabu na reli zote zilikopwa, nasi hatuoni haya. Lakini mkopo huu una hasara mbili. Ya kwanza ni kwamba wengi wakopao hawajui wamekopa nini. Mwenye kutafsiri neno neno aweza kudhani kwamba sehemu ya pili ya jina hilo yahusu pwani, kwa kuwa ndiyo maana aliyoisoma shuleni. Kumbe kwa Kiingereza kuna kitenzi kingine chenye sura ile ile, chenye maana ya kushuka mtelemko bila kutumia nguvu, kama mtu wa baiskeli anapoacha kukanyaga. Hasara ya pili ni kubwa zaidi kwetu. Neno kosta tunalo tayari. Ni basi dogo, lile lipakialo abiria katika stendi zetu, nalo limepata jina hilo kwa aina ya gari lenyewe. Mtoto wa Korogwe akisikia rola kosta ataona basi dogo linalobingirika, na jambo hilo katika barabara zetu halihesabiwi kuwa mchezo.

Sasa tutazame kitu chenyewe kilikotoka. Asili yake ni Urusi, katika baridi. Katika karne za 17 na 18 Warusi walijenga vilima vya mbao wakati wa kipusa, wakavimwagia maji hata maji yakaganda na kuwa kama kioo. Vingine vilifikia kimo cha futi 70 au 80. Watu walipanda kwa ngazi upande wa nyuma, wakakaa juu ya kigari kisicho na magurudumu, wakajiachia. Aliyepata kuona watoto wetu wakikalia karara la mnazi au gome la mgomba na kushuka mlimani juu ya majani yaliyoloa ameuona mchezo wenyewe, illa kimo. Malkia Katarina wa Pili aliupenda, naye katika jumba lake la Oranienbaum alijengewa kilima cha namna hii kilichotumika pasipo barafu, kwa vigari vya magurudumu. Jengo la kupandia, lililochorwa na Antonio Rinaldi na kujengwa kati ya 1762 na 1774, lasimama hata leo.

Kutoka huko mchezo ulihamia Paris, ambako katika 1817 vilifunguliwa viwanja viwili vyenye vigari vilivyofungwa katika njia zao visipate kuchomoka. Kwa hiyo Wafaransa wakauita mchezo huo milima ya Kirusi. Na Waitalia, Wahispania na Wareno wanasema hivyo hivyo mpaka leo. Lakini ukiwauliza Warusi wenyewe, hawaujui kwa jina hilo. Wao huuita vilima vya Kimarekani. Kila taifa humtupia jirani yake. Tusiwacheke, maana sisi twala mahindi, ambayo jina lake hutupeleka Uhindi, na zao lenyewe lilitoka Amerika.

Mataifa mengine yalikwenda njia nyingine. Wadachi huita njia ya nane, kwa kuwa njia za zamani zilipindwa kwa sura ya tarakimu 8. Na kwa hiyo hata njia isiyofanana na nane kabisa huitwa nane, wala hakuna ajaliye. Waswidi husema njia ya milima na mabonde. Wahangari husema reli ya mawimbi, nami naona hilo ni jina zuri kuliko mengi. Wachina husema gari livukalo milima. Wadenmarki husema njia ya kuserereka, na kwa jina hilo nitarudi.

Amerika, ambayo Warusi huipa sifa ya mchezo huu, iliupata kwa njia nyingine kabisa, yaani kwa kazi. Katika jimbo la Pennsylvania palikuwa na machimbo ya makaa ya mawe juu ya mlima, na mfereji wa mashua chini yake karibu na mji wa Mauch Chunk. Katika 1827 walitandika reli ya maili 9 hivi kati ya machimbo na mji. Magari yaliyojaa makaa yalishuka yenyewe kwa uzito wake, mtu mmoja akishika breki. Nyuma ya makaa walipanda nyumbu katika magari yao wenyewe, ili wakifika chini wayavute magari matupu kurudi juu. Yasimuliwa kwamba nyumbu wale, wakiisha kuzoea kushuka kwa gari, walikataa kabisa kushuka kwa miguu. Watu nao walikuja kutazama, wakaomba kupanda, wakalipa. Hata ilipofika 1872 makaa yakapata njia nyingine ya kupita, nayo reli ile ikabaki ya wasafiri wa kujifurahisha tu, hadi 1933. Mji wenyewe umebadili jina, na tangu 1954 waitwa Jim Thorpe.

Ndipo akatokea LaMarcus Thompson. Tarehe 16 Juni 1884, katika pwani ya Coney Island karibu na New York, alifungua njia yake ya kuchezea, yenye urefu wa futi 600 hivi na mnara wa kuanzia wa futi 50. Mwendo wake ulikuwa kama maili 6 kwa saa, yaani mtu wa baiskeli angeupita. Nauli ilikuwa senti 5. Abiria walipanda mnara kwa miguu, wakakaa, wakashuka na kupanda mawimbi mpaka mnara wa pili. Hapo waliteremka, watumishi wakalihamisha gari kwenye njia ya pili, nao wakarudi. Waingereza wakakiita chombo hicho kwa jina la reli za milimani ambazo gari hupanda upande mmoja, kisha swichi hugeuzwa, nalo likapanda upande wa pili kinyumenyume.

Na reli za namna hiyo hazikuwa mbali nasi. Zamani za Wadachi palikuwa na reli nyembamba, upana wake sentimita 75, iliyotoka Tengeni karibu na Muheza na kupanda kuelekea Sigi chini ya Amani. Mlima ulikuwa mkali hata njia haikuweza kupanda moja kwa moja, ikawa gari la moshi huenda mbele, husimama, hugeuziwa swichi, kisha hurudi kinyumenyume likipanda. Reli ile imekwisha kung'olewa, illa jambo lenyewe si geni katika mkoa wa Tanga: wazee wa zamani wa mkoa huo waliyaona kwa macho.

Tena kuna jambo lililo karibu zaidi na Korogwe. Reli kubwa ya Tanga ilifika Muheza katika 1896, Korogwe katika 1902, Mombo katika 1905, na Moshi katika 1911. Mbele kidogo ya Mombo kuna stesheni ya Mkumbara, na juu yake, katika milima ya Usambara, msitu wa Shume wenye miti ya mwangati. Kampuni ya Wadachi iliyoitwa Wilkins na Wiese ilitaka mbao hizo, wala hapakuwa na njia ya kuzishusha, maana kutoka ukingo wa mlima hadi tambarare ni zaidi ya meta elfu moja za kwenda chini. Basi katika miaka iliyotangulia Vita vya 1914 walijengewa na kampuni ya Bleichert ya Leipzig njia ya waya, yapata kilometa 9 urefu wake, kutoka Shume hadi Mkumbara. Magogo yalifungwa chini ya vigurudumu vilivyotembea juu ya waya, yakapita angani juu ya mabonde mpaka stesheni.

Njia za waya za jinsi hii zina siri moja ambayo mwalimu afaa aieleze darasani, kwa kuwa ndiyo siri ya chombo cha picha yetu. Mzigo ulio juu una nguvu ndani yake kwa sababu uko juu. Ukiachiwa, nguvu hiyo hutoka na kuwa mwendo. Katika njia ya waya gogo lishukalo laweza kuvuta kishikizo kitupu kipande, na kazi kubwa ya watu ni kuzuia kuliko kusukuma. Katika chombo cha kuchezea ni vivyo hivyo. Mnyororo hulivuta gari mpaka kilele cha kwanza, kisha mnyororo huliachia, na tangu hapo njia nyingi za namna hii hazina injini tena. Kilele cha pili hakina budi kuwa chini kuliko cha kwanza, na cha tatu vile vile kiwe chini kuliko cha kwanza, kwa kuwa njiani gari hupoteza nguvu kwa msuguano wa reli na upepo. Mwanafunzi aelewaye hivi aweza kutazama picha na kusema gari laenda upande gani, bila kuambiwa. Mimi nimeona swali hilo likifaulu mahali ambapo ukurasa mzima wa maelezo ulishindwa.

Tusiwasahau watu wa mkonge. Mashamba ya Magunga, Ngombezi na Mazinde, na mengine mengi kando ya reli ile, yalikuwa na reli ndogo za kuchukulia majani kutoka shambani hadi kiwandani, na vigari vyake viliitwa toroli. Pahali penye mtelemko toroli iliyojaa haihitaji msukumaji. Yahitaji mshika breki aliye macho. Na wasafiri wa siku hizi wanaopita kwa basi njia ya Korogwe hadi Handeni, yapata kilometa 65 za kupanda na kushuka vilima, hujua jinsi tumbo libakivyo nyuma gari lipitapo kilele kwa kasi. Kiswahili kina neno la hali hiyo, nalo ni roho kupaa: abiria husema, "Roho ilinipaa." Watengenezaji wa vyombo vya kuchezea hulipwa fedha nyingi kwa kuzipaza roho za watu kwa makusudi na kuzirudisha salama.

Basi kwa kuwa jambo lenyewe twalijua, tutafute kitenzi chake, maana Kiswahili hutaja mwendo kwa vitenzi, na vitenzi vyetu vya kwenda chini ni vingi na havichanganyiki. Ateremkaye hushuka kwa hiari, hatua kwa hatua, kama mtu atokaye Lushoto kwenda Mombo. Atelezaye amekosea, mguu umemponyoka. Kinachobingirika hugeuka juu chini, kama pipa au jiwe. Kinachoporomoka huvunjika kikienda, kama udongo wa mlima wakati wa masika, anayetaka kuwafukuza wateja na aandike mlangoni "gari la kuporomoka." Lakini kinachoserereka hushuka kwa uzito wake wenyewe, kikigusana na njia yake, wala hakigeuki wala hakivunjiki, na mara nyingi aliyekikalia amependa iwe hivyo. Mtoto juu ya karara huserereka. Baiskeli isiyokanyagwa huserereka. Toroli ya mkonge huserereka. Makaa ya Mauch Chunk yaliserereka, na nyumbu nyuma yake.

Kwa hiyo nashauri kwamba chombo hicho kiitwe mserereko, na vingi vyake miserereko. Wadenmarki wamefanya vivyo hivyo kwa lugha yao, na njia yao ya Tivoli mjini Copenhagen, iliyojengwa katika 1914, hubeba mshika breki katika kila gari hata leo, kama toroli zetu.

Najua pingamizi litakalotoka kwa waalimu. Katika miaka hii wamezoea neno hilo kwa jambo jingine, yaani kupandishwa daraja kwa mserereko, ambako mtumishi aliyecheleweshwa husogezwa hadi daraja ambalo wenzake wamekwisha kulifikia. Watauliza, "Itakuwaje neno moja liwe la kupanda cheo na la kushuka kilima?" Nami najibu kwamba kosa, kama lipo, ni la ofisi, iliyotwaa neno la kushuka ikalitumia kwa kupanda. Neno lenyewe lilikuwako mlimani kabla halijafika ofisini. Na tena, maneno mengi hukaa kazi mbili bila kugombana. Kaa ni mnyama wa pwani na ni kipande cha moto, wala hakuna mpishi aliyewahi kuchanganya.

Pingamizi jingine ni kwamba mserereko huenda ukachanganywa na ule ubao wa chuma au plastiki uliowekwa katika viwanja vya shule za awali, ambao watoto hupanda kwa ngazi na kushuka kwa makalio. Hilo ni kweli, na lahitaji kuamuliwa. Mimi ningeuita ubao wa kuserereka, maana hauna gari. Na pasipo gari hapana mserereko. Maelezo yakitakiwa marefu zaidi, twaweza kusema mserereko wa reli. Na njia ya Shume na Mkumbara, ambayo ilining'inia kama bembea na kushuka kama toroli, ilikuwa mserereko wa waya. Hapo jamii mbili za mwendo zilikutana katika chombo kimoja.

Magari ya mserereko yana jina lililo tayari. Watu wa reli hukiita kigari kidogo cha wakaguzi wa njia kiberenge, nacho ni cha umbo na ukubwa wa kufaa. Kuita behewa ni kukuza mno. Mnyororo uvutao kwenda juu ni mnyororo wa kupandishia, na pale chini yake pana kabari za chuma zizuiazo kiberenge kisirudi nyuma mnyororo ukikatika. Sauti ile ya ka-ka-ka wasikiayo abiria wakipanda ni ya kabari hizo, na mzazi akielezwa hivyo, sauti iliyomtisha humtuliza.

Jina moja lataka uangalifu. Kuna miserereko ambayo njia yake hujipinda kwenda juu hata abiria wakawa vichwa chini, miguu juu, kisha wakarudi. Wepesi wa kutafsiri wataandika kitanzi. Mimi nawasihi wasiandike hivyo. Kitanzi kwetu ni cha kunasia na cha kunyongea, wala mzazi hatamlipia mwanawe nauli ya kwenda kitanzini. Wengine watasema mviringo, na hapo pia kuna kosa, tena la umbo. Katika 1895 huko Coney Island walijenga njia ya namna hiyo yenye mviringo kamili, nayo iliwaumiza abiria shingo, kwa kuwa mviringo kamili huleta uzito wote kwa ghafula. Zile zilizojengwa tangu 1976 zina umbo la tone la maji, pana chini na nyembamba juu, ili uzito uje polepole. Basi tuache umbo, tushike tendo. Watoto wetu wakipinduka kichwa chini huita kichwangomba; na njia hiyo ni mserereko wa kichwangomba. Sidhani kwamba kuna mtoto wa Korogwe atakayehitaji maelezo.

Juu ya farasi wa mbao wazungukao pamoja na ngoma na taa sina maneno mengi: farasi wa kuzunguka yatosha. Uwanja wenyewe ulio na vyombo hivi vyote umekwisha kupewa jina na Waunguja, ambao huita uwanja wa kufurahishia watoto, nalo ni bora kuliko uwanja wa michezo, utukumbushao mpira, na bora kuliko bustani, ambayo mtu wa Handeni hutafuta ndani yake mchicha. Kwa viwanja vya watu wazima, kama kile cha Abu Dhabi ambacho mserereko wake, ulipofunguliwa katika 2010, ulikuwa wa kasi kuliko yote duniani, karibu kilometa 240 kwa saa, neno watoto laweza kuondolewa. Mtu mzima naye hufurahishwa.

Limebaki jambo la upatanisho wa maneno, ambalo wachapaji wa mabango hulikosea. Mserereko ni wa ngeli ya mti na mkono: mserereko umesimama, miserereko imesimama. Kiberenge kimesimama, viberenge vimesimama. Mshika breki ni mtu, naye amesimama. Bango lisemalo, "Usisimame mpaka amesimama," halimwambii mzazi kama angoje mtu au angoje gari. Liandikwe hivi: "Kaa mpaka kiberenge kisimame kabisa, na mshika breki akufungulie mkanda." Bango hilo mzazi wa Mgera alisoma mara moja, na mtoto wake aliye darasa la pili aweza kumsomea asiyejua kusoma.